Yaliyobaki Kwenye Mstari

Hakuna kiti kibaya ofisini kama kile cha pembeni ya mtu anayekagua kazi yako. Kitinda alikuwa amekikalia tangu walipomaliza chai, na kwa kuwa kilikuwa cha magurudumu, kila alipojigeuza kilimrudisha nyuma, naye akajivuta mbele, kikamrudisha tena.

"Tulia basi, bwana mdogo," akasema mama aliyekuwa mbele ya skrini, bila kugeuka. "Unanitia kizunguzungu."

Mama huyo wote pale walimwita Forodha. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye hati ya mshahara na huko lilibaki. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, vyumba vitatu juu ya duka la rangi, ikitengeneza vifaa vya watu wasioona, na kazi ya Forodha ilikuwa kuhakikisha hakuna programu inayotoka mlangoni kabla yeye hajaipekua mpaka kwenye pindo. Zaidi ya yote alipenda kulinda mpaka. Maana ndani ya kompyuta kuna pande mbili. Upande mmoja zipo programu za kawaida, za kuandikia na kusomea, ambazo zinaweza kukosea au hata kudanganya. Upande wa pili kipo kiini, ambacho ndicho kinachoshika mashine nzima, nacho hakitakiwi kumwamini mtu. Programu ikisema, "Chukua maneno yangu, yapo pale," kiini kinauliza kwanza kama pale ni pake kweli, kinapima urefu, kinachukua nakala na kuitia kwenye sanduku lake chenyewe, kisha kinahesabu kama vyote vimevuka au vingine vimekwama njiani. Ukiruka hatua moja umeacha mlango wazi, na mlango wenyewe si wa choo.

Kipande alichokuwa anakipekua asubuhi hiyo Kitinda alikiandikia nyumbani, kwa ajili ya mama yake. Mama alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, mtu wa kutafuta koma iliyopotea, mpaka macho yalipoanza kufifia kidogo kidogo, na masikio, kama yaliyoona wivu, yakafuata. Sasa aliijua dunia kwa kifaa kimoja: mashine ya nukta nundu, ubao mwembamba wenye vyumba arobaini vilivyopangwa mstari mmoja, na katika kila chumba visindano vinavyopanda na kushuka kuunda herufi chini ya kidole. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa imeikataa mashine hiyo. Kitinda akaandika draiva, yaani kile kipande kinachokaa upande wa kiini na kuendesha kifaa, na mashine ikakubali. Mama akaitumia miezi na miezi. Mkuu wa kampuni aliposikia akataka kuiuza kwa wengine, Kitinda akaiandika upya, usiku uliopita akaiweka nyumbani aone inavyokwenda, na ndiyo maana leo alikuwa anakwenda mbele na nyuma kwenye kiti cha magurudumu.

Kilichomtoa utulivu zaidi kilikuwa simu mfukoni. Alipofika kazini alimwandikia mama kama kila siku: "Mama, nimefika kazini." Kila siku mama hujibu "Sawa." Leo alijibu, "Umechoka na nani?"

Kitinda aliona ni utani wa mama tu. Akaandika, "Sijachoka mama." Jibu likarudi haraka kuliko kawaida: "Kumbe ni mtu wa kazini. Na uache nafasi baada ya nukta, umekuwa mvivu." Hapo akaanza kukuna shingo. Nafasi gani? Mtu gani wa kazini?

"Haya," akasema Forodha. "Hapa umeuliza kama anwani ni ya programu. Safi. Hapa umepima urefu. Safi. Hapa umehesabu vilivyovuka, tena wengi huwa wanasahau. Nani kakufundisha?"

"Wewe."

"Ndiyo maana ni safi. Sasa niambie. Programu ikileta herufi kumi, unapeleka ngapi kwenye mashine?"

"Arobaini. Mashine inataka mstari mzima."

"Na hizo thelathini nyingine zinatoka wapi?"

"Si zinakuwa tupu?"

"Nani kazifuta?"

Kitinda akasogea karibu na skrini. Akapandisha mistari, akaishusha, akaipandisha tena. Hakuna aliyezifuta. Sanduku la kiini lilipokea herufi kumi za sasa mwanzoni, na pale zilipoishia yakabaki yaliyoletwa kabla yake, yawe ya nani yawe ya lini, yote yakapelekwa kwa pamoja kwenye mashine. Yeye majaribio yake yote aliyafanya kwa mistari iliyojaa, kwa hiyo hakuwahi kuona. Vidole vyake mwenyewe havikujua hata kusoma nukta.

"Umefunga mlango wa kuingilia kwa kufuli tatu," akasema Forodha, akifurahia, "na wa kutokea umeuacha bila komeo. Mtu anakuomba maji unampa kwenye bakuli lenye mchuzi wa jana. Kiini hakitoi kitu kabla hakijasafisha sanduku lake. Hiyo ndiyo..."

Lakini Kitinda hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa amekumbuka mstari uliotangulia ule wa "nimefika kazini" kupita kwenye mashine ya mama. Aliuandika yeye.

Ilikuwa hivi. Mama alikuwa na njia moja ya kuuliza dunia inaendeleaje, nayo ni kugonga meza. Anagonga, mtu anakuja, anamwandikia. Alfajiri ile aligonga kuuliza kama bomba limefungwa. Kitinda akatoka kitandani, akamwandikia limefungwa. Akagonga kuuliza kama kweli kumekucha. Akagonga kusema kwamba ananusa kitu kinaungua, na kweli kilikuwa kinaungua, mkate wa Kitinda, kwa sababu alikuwa anakimbilia meza. Mama alipoingia kuoga, Kitinda aliketi kwenye kompyuta, simu yake ikiwa kwenye chaji chumba cha pili, akafungua akaunti yake mwenyewe na kumwandikia dada yake, aliyeolewa mji mwingine. Programu ya kusomea nukta ilikuwa inafanya kazi hata kwenye akaunti yake, kwa ajili ya majaribio. Alipoandika, visindano vilipanda kimoja kimoja mpaka chumba cha mwisho. Yeye hakutazama. Aliandika: "Dada, mchukue mama. Mimi nimechoka naye."

Hakuna mtu aliyekuwa ameweka kidole pale. Ila sanduku lilikuwa limeshapokea.

"Unaumwa?" akauliza Forodha.

"Nipe karatasi."

Akachora vyumba arobaini nyuma ya risiti ya rangi. Akaandika mstari wa dada, herufi kwa herufi, nafasi nazo zikihesabiwa. Ulijaa bila kubakiza hata chumba kimoja. Kisha juu yake akapitisha "Mama, nimefika kazini." Maneno hayo yalifunika jina la dada, yakafunika neno mchukue, yakamfunika mama mwenyewe, yakaishia katikati ya "Mimi." Kilichobaki, kikiwa kimebandikwa kwenye nukta bila nafasi, ni "mi nimechoka naye."

*Mama, nimefika kazini.mi nimechoka naye.*

Ndipo mama akauliza, na nani. Naye Kitinda kwa werevu wake akajibu kwa maneno mafupi zaidi. Akayaweka nayo juu ya yale mengine: *Sijachoka mama.kazini.mi nimechoka naye.* Mama alikuwa amesoma hivyo, akasahihisha nafasi baada ya nukta, akatafuta maana kama alivyozoea kutafuta kwenye chapa mbovu, akaipata: kuna mtu kazini anamchosha mwanawe.

Forodha alikuwa ameinama juu ya risiti. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Kitinda akainuka. "Nakuja," akasema, akatoka kwenye ngazi za nyuma palipokuwa pananuka rangi, akampigia dada yake.

"Nimeona ujumbe wako," dada akasema kabla hata ya salamu. Nyuma yake watoto walikuwa wanagombana. "Mimi nafasi ninayo. Ila kama umechoka mwambie mwenyewe. Usinitume mimi nije kumbeba kama kabati."

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha vipi?"

Kitinda akapanda ngazi mbili, akazishuka. Hilo ndilo lililokuwa linamla. Alimaanisha, na hakumaanisha. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, huo ulikuwa ukweli. Lakini mwanamke wanayemzungumzia ni yule aliyemsomesha kwa macho yake, akisoma kurasa za watu usiku na mchana mpaka macho yakagoma, na sasa hana kingine cha duniani ila kinachopita chini ya vidole vyake. Mtu mwingine akisemwa vibaya anaweza kusikia na mengine mazuri mitaani yakamfariji. Mama yake angesikia hilo tu, ndani ya giza lake, na lingekaa humo.

"Amekuandikia chochote?" akamuuliza dada.

"Hapana. Kwani amejua?"

"Bado."

"Basi mwambie kabla hajajua," dada akasema, akakata.

Pale ngazini Kitinda alipiga hesabu nyingine, na safari hii ilimpa ahueni. Mwanzo wa ule mstari ulikuwa umeshafunikwa. Haupo kwenye sanduku, haupo kwenye mashine, haupo popote isipokuwa kwenye simu ya dada, ambaye si mbeya. Kilichobaki ni kile kimkia, na mkia ungefutika akituma maneno marefu ya kujaza vyumba vyote. Hata uongo hakuhitaji kuutunga, mama alikuwa amemtungia. Akaandika, akihakikisha ni marefu: "Ni mtu wa hapa kazini mama, anayekagua kazi zangu, ana maneno mengi tu, lakini usijali, yataisha." Akatuma. Akavuta pumzi ya kwanza nzima tangu asubuhi.

Angekuwa anamjua mama yake vizuri kuliko anavyojua sanduku la kiini, asingevuta pumzi mapema vile.

Ujumbe wa kwanza ulimkuta amesharudi kwenye kiti cha magurudumu: "Leo umeniandikia mstari zaidi ya mmoja. Lazima jambo ni zito." Wa pili ulimkuta anaandika lile agizo fupi la kusafisha sanduku, Forodha akimwangalia mikono: "Nilijua muda mrefu kuna kitu. Mikono yako ukinipa kikombe huwa ina haraka." Ulipofika wa tatu aliwasha na kuzima taa ya meza bila sababu. "Sikia mwanangu. Umebeba watu tangu baba yenu afariki. Huna deni. Mtu akikuchosha, hata kama ni mwema, hata kama anakupenda, mwache. Ondoka mkiwa bado mnasalimiana."

Aliusoma ujumbe huo mara ya pili, akaugeuza uso wa simu chini juu ya meza, akaenda kunywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo. Aliporudi ulikuwapo mwingine: "Usione aibu. Kuchoka si dhambi."

Alitaka kujibu na hakujua ajibu nini. Akaandika "Asante mama", akafuta, kwa sababu sasa hata jibu fupi alikuwa analiogopa. Akaandika refu, likasomeka kama barua ya benki, akafuta. Wenzake walikuwa wanacheka chumba cha pili kwa jambo lisilomhusu na aliona kama anachekwa yeye. Draiva ikajengwa upya. Wakaijaribu kwa neno moja, kwa herufi moja, kwa programu iliyodanganya urefu wake, kwa programu iliyokatwa katikati ya kusema. Kila mara zilitoka herufi zilizoletwa na baada yake tupu. Forodha akaitazama tupu hiyo kwa upendo. Ilikuwa kazi nzuri, na siku nyingine Kitinda angejipiga kifua.

Kisha kompyuta ya Forodha ikalia, naye akasoma, nyusi zikapanda.

Ikumbukwe kwamba Forodha na mama walifahamiana kwa maandishi. Mama ndiye mtumiaji wa kwanza wa ile draiva, na Forodha alikuwa akimwandikia kumuuliza kama visindano vinakwama. Walikuwa wameishia kuandikiana mambo mengine, ya miguu kuvimba na ya watoto wasiooa. Mama hakujua kazi yake ni ipi hasa. Alijua tu ni mwanamke mwenzake, yuko ofisini kwa mwanawe.

Forodha akasoma kwa sauti ya kawaida, kama anasoma bei: "Dada yangu, hapo kwenu kuna mtu anakagua kazi za mwanangu, ana maneno mengi, amemchosha kijana mpaka ananiandikia nusu nusu. Sitaki ugomvi. Naomba tu umwambie mkuu amhamishe Kitinda mbali naye. Na wewe jiangalie, watu wa aina hiyo hawana mwisho."

Kitinda akashika ukingo wa meza, kiti kisimrudishe nyuma.

"Nilitaka kukuambia," akasema Kitinda.

"Lini?"

"Niliandika haraka haraka. Sikukutaja jina."

"Wakaguzi wako wako wangapi humu?" Forodha hakuwa amekasirika kwa sauti, na hapo ndipo pabaya. "Miaka yote hii nakagua kazi za watu, nimetukanwa kwa mambo niliyofanya, sawa, ni mshahara wangu. Hili sikulifanya. Yule mama ni rafiki yangu. Sasa nimjibuje? Nimwambie ndiyo, namfahamu, ni mtu mbaya sana?"

"Nitalirekebisha."

"Nenda sasa hivi. Chukua hii draiva ukaiweke kwenye mashine yake, hiyo ni kazi ya kampuni, nitamwambia mkuu. Na ukiwa huko ondoa uongo wako mgongoni kwangu. Utaweka nini badala yake ni shauri lako."

Akatoka na flashi mfukoni, akitembea haraka kuliko ilivyohitajika. Jua lilikuwa bado kali. Mtaani watu walikuwa wanafanya mambo ya mchana, mwanamke anamwaga maji mbele ya saluni, fundi viatu anagombana na redio yake, na Kitinda alipita katikati yao akipanga sentensi. Angesema ni mtu mwingine, mteja. Hapana, mteja angezaa maswali. Angesema yalikuwa maneno ya majaribio, ya kubuni, ya kujaza mstari. Hiyo ilikuwa nzuri. Mtu anayejaribu mashine anaandika chochote. Akaipenda. Akavuka barabara nayo, akaigeuza hivi na hivi, akaikuta imara kila upande. Alipofika mlangoni ilikuwa imeiva kabisa.

Mama alikuwa ameketi pale pale, mikono juu ya mashine, uso umeelekea dirishani ambako joto la jua lilimwambia ni saa ngapi. Alihisi sakafu ikitikisika.

"Kitinda," akasema. Sauti yake, kwa kuwa hakuisikia, ilikuwa kubwa kidogo kuliko chumba. "Umerudi mapema. Wamekufukuza?"

Akamgusa bega, ndiyo salamu yao, akavuta kiti, akashika kibodi. Akaandika, "Hapana mama, nimekuja kurekebisha mashine." Kidole cha mama kikapita juu ya maneno. Kitinda akachomeka flashi, akaiondoa draiva ya zamani, akaweka mpya, akazima, akawasha. Visindano vyote vikapanda kwa pamoja, vikashuka.

"Ilikuwa na nini? Mimi naona nzima."

Akamweleza. Hiyo angalau ilikuwa rahisi, na aliieleza vizuri, kwa sentensi fupi fupi, mama akisoma na kutikisa kichwa. Kwamba ndani ya kompyuta kuna sanduku. Kwamba kila mstari unapita humo kabla ya kufika vidoleni. Kwamba sanduku halikuwa linasafishwa, kwa hiyo mstari mfupi ukija, mwisho wa mstari mrefu uliotangulia unabaki nyuma yake na kusomeka kama ni mmoja.

"Aa," akasema mama, na uso ukamchangamka kama zamani alipokamata kosa la mpiga chapa. "Ndiyo maana hapakuwa na nafasi baada ya nukta. Nilisema huyu hakuandika hivi. Wewe ni mvivu wa maneno, lakini nafasi huwa unaweka." Kidole kikarudi kwenye mashine. "Kwa hiyo 'nimechoka naye' haukuwa mwisho wa maneno uliyoniandikia mimi. Ulikuwa mwisho wa mstari mwingine."

Kitinda akaangalia kibodi. Akaandika, "Ndiyo."

"Uliotangulia wangu."

"Ndiyo."

"Asubuhi, kabla hujatoka. Nilipokuwa bafuni." Alikuwa anasema polepole, akipanga. "Hapa nyumbani, kwenye mashine hii. Ulikuwa unamwandikia nani?"

Sasa ndipo ilipotakiwa ile sentensi ya barabarani. Ilikuwa tayari, imara kila upande. Majaribio tu mama, nilikuwa najaza mstari. Vidole vyake vilikuwa juu ya herufi za kuianzia. Akauona mkono wa mama ukimngoja juu ya vyumba vitupu, ngozi ya ncha za vidole imeng'aa kwa kusoma, naye akagundua kwamba mkono ule ungeamini. Hauna njia ya kuhakiki. Ungeamini chochote ambacho angekiinua pale.

Akaandika, "Dada."

Dada hakuwa anamfahamu mtu yeyote wa kule kazini, wote wawili walijua hivyo.

"Mwanzo wake ulikuwaje?" akauliza. "Huo mstari. Mwisho nimeshausoma."

Kitinda alitaka kumshika mkono badala ya kuandika. Lakini mkono ukishikwa hausomi, na aliona kwamba hiyo ingekuwa njia nyingine ya kumziba. Akauandika wote, kama ulivyokuwa, bila kupunguza wala kuomba radhi ndani yake, maana radhi isingeenea kwenye vyumba arobaini. Visindano vikapanda kuanzia chumba cha kwanza mpaka cha mwisho.

*Dada, mchukue mama. Mimi nimechoka naye.*

Mama alisoma kwa kidole kimoja. Hakukimbia. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, kama alivyofundishwa kazini kwake, akasoma tena. Kitinda alimwangalia uso na akatamani ulie, ukasirike, ufanye lolote, lakini ulikuwa uso wa mtu anayemaliza ukurasa.

"Na mimi nimeshinda namtukana mwenzio," akasema hatimaye. "Nitamwomba radhi."

"Mama," akaandika.

"Ngoja. Niliyokuambia asubuhi niliyasema nikiwa na akili zangu. Nilidhani namsema mtu mwingine, lakini ushauri ni ule ule. Umebeba vya kutosha. Kuchoka si dhambi." Akarudisha mkono juu ya mashine. "Na bado tunasalimiana."

Kitinda aliegemeza paji la uso kwenye ukingo wa meza. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alishukuru na kuona aibu kwa wakati mmoja kwamba mama hayaoni. Mambo yote aliyotaka kusema yalikuwa marefu. Kwamba alichoka jana na atachoka kesho na bado angetaka arudi amkute pale dirishani. Kwamba vyote viwili ni kweli. Aliinua kichwa, na baada ya kuanza na kufuta, na kuanza tena, kilichotoka kilikuwa kifupi.

"Usiende mama."

Kidole kikapita juu ya maneno hayo mawili, kikafika kwenye nukta. Hakikuishia hapo. Kiliendelea kulia, kwenye vyumba vitupu, kimoja baada ya kingine, taratibu, kikibonyeza kila mahali kuona kama kuna kitu kimebaki chini, mpaka mwisho kabisa wa mstari.

Hapakuwa na kitu. Mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri.

"Mwambie dada yako aje Jumamosi," akasema mama.